Kiganja Kimoja Ukutani

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani za sungura kumlaghai fisi. Ni zamani za misimu miwili ya mahindi iliyopita, mjini Songea, na mimi nilikuwepo. Asiyeamini aende akaulize.

Palikuwa na binti, Edeltruda Haule, mwalimu wa chekechea. Kwao walikula ugali kama kwenu, na ugali hauji bila unga, na unga hauji bila foleni ya mashine ya kusaga. Jumamosi moja mama yake alibeba debe la mahindi asubuhi na mapema. Siku hiyo mwanawe wa mwisho alikuwa anaondoka kwenda jeshini. Mama akasema, "Nasaga mara moja tu, narudi kumfungia chakula cha njiani."

Debe likasogea, likasimama. Likasogea, likasimama. Mama aliporudi nyumbani, unga umemjaa hadi kwenye kope, mwanawe alikuwa keshaondoka. Akageuza ndoo, akaikalia. Aliyelia ni Edeltruda. Na katika kulia kwake akawaza: hivi kwa nini mashine isimwite mtu zamu yake inapokaribia, naye akakaa kwake akaaga wanawe?

Wazo hilo likamnyima raha. Akaacha ualimu. Baba yake akaacha kumsemesha.

Sasa, pale mjini palikuwa na ghala la zamani la tumbaku, vijana wamelifanya mahali pa kuanzishia kampuni zao za kompyuta na simu. Wakaliita Karakana. Tumbaku ilihama miaka mingi nyuma lakini harufu ilikataa kuhama, kwa hiyo kila anayeingia hupiga chafya kwanza ndipo asalimie. Na walikuwa na desturi yao, Ijumaa ya Nyundo. Mgeni husimama, hueleza wazo lake, na kila mtu hulipiga swali. Wazo likivunjika, unapewa makande, unaambiwa urudi Ijumaa nyingine. Wazo likibaki limesimama, unapewa makande vilevile, na kiti.

Edeltruda akasimama. Maswali yakaja, akayajibu. Yakaja mengine, akayajibu. Kule nyuma alikuwa amekaa kijana mmoja mwembamba, Longino Mapunda, fundi wa kuandika programu, mtu ambaye maneno kwake ni kama chumvi, anaonja tu. Akauliza, "Na mwenye kitochi?"

Edeltruda alikuwa amewaza simu kubwa za kupapasa, na akina mama wa foleni wana vitochi, vile visimu vidogo vya vitufe. Akakubali palepale, "Hilo sikuliwaza, kaka."

Longino akasema, "Basi nisogezee kiti. Tutafute wote."

Akaandika miezi saba. Akajenga, akabomoa. Akajenga, akabomoa. Mara ya tatu ikasimama. Ukifika mashineni unaandikisha namba yako, unakwenda zako, na zamu ikikaribia ujumbe unaingia kwenye simu yoyote, hata iliyofungwa kwa mpira. Wakaiita Zamu.

Wakaipeleka mashineni kwa shangwe. Ikafeli kabla ya saa nne.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu pale kwetu mtu hapangi foleni. Anayepanga foleni ni debe lake. Mama analiweka debe kwenye mstari, anakwenda kupalilia, na mama mmoja anaweza kuleta madebe manne ya majirani. Na simu ya nyumba iko wapi? Iko mfukoni mwa baba, na baba yuko kilabuni anakunywa ulanzi. Ujumbe ukaenda kwa wanaume. Mmoja akafika mashineni anayumba, anauliza ameitiwa kesi gani. Mzee mwingine, mgonjwa kitandani, akasomewa kwamba zamu yake imekaribia, akaomba aitiwe padri. Na mashineni madebe hayana mwenyewe, mstari umevurugika, akina mama wanarushiana maneno ambayo siyarudii mbele ya watoto hawa.

Edeltruda akakaa chini. Longino akafunga kompyuta yake.

Hapo akaja Mama Gotfrida Komba. Huyo alikuwa msimamizi wa foleni ya mashine ile kwa miaka ishirini na miwili. Hajui kusoma, lakini debe la kila nyumba analijua kwa mabonde yake. Akawatazama wale vijana, akashika kiuno.

"Wanangu," akasema, "mnaandika watu. Mimi hapa sijawahi kuona foleni ya watu. Naona foleni ya madebe. Andikeni debe. Debe halina simu, sawa, lakini lina jirani. Debe hili la Mama Skola, muiteni kwa simu ya dada wa saluni, wanapakana ukuta. Lile lenye kutu, muiteni kwa katekista. Kaeni hapa niwatajie."

Akawatajia madebe yote ya mitaa mitatu, na jirani wa kila debe, mpaka sauti ikamkauka. Longino akaandika upya. Na asubuhi ya pili akina mama walipokataa kuyasikia tena mambo ya simu, Mama Gotfrida ndiye aliyesimama mbele yao akasema, "Zamu ikikosewa, nirushieni mimi unga usoni." Hawakumrushia. Haikukosewa.

Siku zikapita, na Zamu ikafikisha siku mia bila ugomvi hata mmoja kwenye foleni. Na hapo ndipo penye mkasa, sogeeni karibu.

Karakana ina ukuta. Kampuni changa ikisimama siku mia, kiganja kinapakwa rangi na kugandamizwa ukutani, na mwenye kiganja anakuwa mwenyeji wa pale milele. Kiti chake hakiondolewi, na wageni wa Ijumaa ya Nyundo wanapelekwa kwake awashike mkono. Kiganja ni kimoja tu kwa kila kampuni. Zamani walikuwa hawahesabu, mpaka ikaja kampuni ya vifaranga ikapiga viganja kumi na kimoja, pamoja na cha shangazi aliyekuja kusalimia. Ndipo wakakubaliana: kampuni moja, kiganja kimoja.

Tukakusanyika. Mlezi wa Karakana, Oswin Ngonyani, akafungua kopo la rangi ya bluu. Basi wale watatu, kila mmoja bila kuangalia wenzake, wakachovya.

Viganja vitatu vya bluu. Nafasi moja.

Oswin akashusha pumzi. "Haya, semeni."

Edeltruda akasema, "Mimi ndiye niliyeona. Wangapi walikaa kwenye foleni ile tangu tuzaliwe, wakalalamika, wakasaga, wakaenda zao? Nilikuwa na watoto arobaini wananiita mwalimu, nikawaacha. Leo baba yangu anawaambia watu kanisani kwamba nipo nipo tu. Nataka aje hapa auone mkono wangu. Nitoeni mimi, kinabaki nini?"

Sote tukaitikia, "Hakibaki kitu!"

Longino akasema, na sijawahi kumsikia akisema mengi vile, "Kuona ni kuona. Mimi ndiye niliyejenga, nikabomoa, nikajenga. Akina mama wanamjua Edeltruda. Wanamjua Mama Gotfrida. Mimi wakinipita njiani hawanisalimii. Kazi yangu ikiwa nzuri haionekani, ikiharibika ndipo jina langu linatajwa. Niacheni nionekane mara moja. Nitoeni mimi, kinabaki nini?"

Tukaitikia, "Hakibaki kitu!"

Mama yake Edeltruda akaropoka kutoka mlangoni, "Na mimi niliyekosa kumuaga mwanangu, sina changu?" Tukacheka, Oswin akamletea kiti na bakuli la makande, mama akala, ingawa hakuridhika.

Mama Gotfrida akatazama kiganja chake. "Wao waliona, wao walijenga," akasema, "na saa nne kasoro kitu chao kilikuwa maiti. Mimi ndiye niliyekiinua. Miaka ishirini na miwili nimeshika foleni kwenye mashine isiyo yangu, na kibao cha mlangoni kina jina la tajiri. Sikuwahi kuandikwa popote. Na ningeandikwa nisingejijua, maana sijui kusoma. Lakini mkono nausoma. Ukuta huu ndio maandishi pekee ninayoweza kuyasoma. Nitoeni mimi, kinabaki nini?"

Hatukuitikia. Longino akaanza kufuta rangi kwenye suruali yake. Edeltruda, machozi yanamtoka, akatafuta kitambaa afute yake.

"Acheni!" Mama Gotfrida akafoka mpaka vumbi la tumbaku likatimka, watu wakapiga chafya. "Nani amewaambia mfute? Mnanionea huruma? Nimeshika foleni ya watu wazima, mimi si wa kuhurumiwa. Longino, chovya tena. Kama kiganja ni changu, kiwe changu kwa kazi. Kama ni chako, nitakushangilia kuliko mama yako mzazi. Lakini cha huruma sikitaki, nitaona aibu kukitazama."

Longino akachovya tena. Edeltruda akainua mkono wake. Na wale watatu, waliokuwa wanagombana sasa hivi, wakasimama bega kwa bega mbele ya ukuta, wakicheka na kulia, kila mmoja anampangusia mwenzake rangi iliyochuruzika kwenye kiwiko.

Oswin akatugeukia sisi. "Rangi hii inakauka upesi," akasema. "Amueni nyinyi."

Basi tukaamua? Tulibishana mpaka makande yakapoa. Wengine wakasema asiyeona hajengi. Wengine wakasema wazo halisagi unga. Wengine wakasema kilichokufa ni cha aliyekifufua. Mimi nilisema langu, na tangu siku ile shemeji yangu hanisalimii, kwa hiyo leo nafunga mdomo.

Nawaachia nyinyi. Ukuta una nafasi moja, rangi inakauka, na viganja vitatu viko hewani. Kwa kazi, si kwa huruma: wewe ungeshika mkono wa nani ukaupeleka ukutani?