Ushahidi wa Bi Raya Langoni

Waliotutangulia wametusimulia kwamba Bi Raya binti Hilali, mjane mcha Mungu aliyetunza ghala la ngome moja ya pwani ya Omani, alikuwa amepiga magoti akipanga makanda ya tende, asali ya tende hizo ikichuruzika kwenye vijifereji vya sakafuni kuelekea mtungini, bawabu Muhanna alipochungulia mlangoni.

"Acha hayo, mama. Maadui wameonekana bondeni. Alasiri watakuwa hapa."

Akajipangusa mikono, akatoka. Watu wa mtaa wa nje walikuwa wakimiminika ndani na watoto na mbuzi wao.

Ngome ile ilijengwa mara mbili. Kwanza ulikuwa mnara wa duara peke yake. Miaka mingi baadaye wakauzungushia ukuta wa pembe nne, wenye lango moja. Na desturi yao ilikuwa hii: lango halizibwi kwa mawe mpaka mtunza ghala ashuhudie mbele ya liwali kwamba watu wametimia. Yeye ndiye aliyegawa tende, kwa hiyo ndiye aliyemjua kila mlaji.

Bi Raya akahesabu: mia na kumi na wawili. Akarudia. Alipungua mmoja.

"Bi Zuwena hayupo."

Muhanna akacheka. "Kizee yule? Tangu juzi ananiganda, eti nyuma ya mnara kuna tundu. Tundu ni domo lake! Shuhudia, mama, tuzibe."

Liwali naye akasema kwa upole, "Bi Raya, vumbi la farasi linaonekana. Sema wametimia. Dhambi nitaibeba mimi."

"Mwenyezi Mungu akuhifadhi, liwali wetu. Yako utaibeba wewe, yangu nitaibeba mimi. Hawajatimia."

Watu wakanung'unika. Wana wanne wa Bi Raya walikuwa wameshika shela lake, na yeye pia alikuwa akiogopa. Hata hivyo hakubadili neno. Akawakabidhi watoto kwa jirani, akaenda nyuma ya mnara.

Kwenye banda la kuni akasikia jiwe likigonga jiwe. Akaziondoa kuni. Bi Zuwena alikuwa amezama mpaka kiunoni ndani ya mfereji mkavu, ametapakaa udongo.

"Umechelewa," akasema. "Baba yangu alijenga ukuta huu. Alisema mfereji wa zamani atauziba kesho. Kesho hiyo akafa. Mtu mzima anapita humu akitambaa, na mdomo wa mfereji uko nje, kwenye mitende. Lete mawe makubwa!"

Bi Raya akamwita Muhanna. Bawabu akabeba mawe bila kucheka tena. Mfereji ukazibwa, kisha Bi Raya akashuhudia, na lango likafungwa. Alasiri maadui hawakuligusa lango. Walikwenda moja kwa moja kwenye mitende, na Muhanna akasikia majambia yakikwaruza mawe ya mfereji upande wa pili, kisha kimya. Siku ya tisa waliondoka mikono mitupu.

Lakini jioni ile ya kwanza, baada ya sala ya Magharibi, Bi Raya aligawa tende na mkate, akipita kwa kila mmoja. Bi Zuwena alilalamika kwamba tende ni ngumu. Akaongezewa. Mia na kumi na watatu, wote wakala.

Enyi waumini, uongo ule aliokataa kuusema Bi Raya ungemhusu mtu mmoja tu, tena kizee msumbufu. Lakini ndani ya uongo huo lingepita jeshi zima.