Kwa Nini Komamanga la Fedha Lina Ufa Ubavuni

Weka chini hilo komamanga, mwanangu, na usiniulize kama ninalo jingine zima. Sina. Tangu asubuhi wewe ni mtu wa nne, na wote mnafanya vilevile: mnaligeuza, mnauona ufa, halafu mnanitazama kwa huruma kana kwamba mkono wangu umetetemeka. Haukutetemeka! Mimi Satenik nafua fedha katika kijiji hiki cha milimani, hapa Armenia, tangu nikiwa na meno yangu yote, na ufa huo naukata mwenyewe, kwa makusudi. Haya, kaeni niwaeleze wote kwa pamoja, maana mtanimaliza.

Zamani sana, kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa, komamanga la fedha lilikuwa zima. Sonara alifua vipande viwili, akatia ndani shanga nyekundu, akaviunganisha kwa moto. Hukuziona shanga, ulizisikia tu ukilitikisa. Na halikuwa pambo la kununua na kuondoka nalo. Lilikuwa zawadi ya kumfungua mdomo bi harusi.

Ndiyo, kumfungua mdomo. Siku hizo msichana akiolewa hakuruhusiwa kutoa sauti mbele ya wakwe zake. Alisema kwa mikono, akaitikia kwa kichwa. Mumewe tu ndiye aliyenong'onezwa naye, chumbani, basi. Akakaa hivyo mpaka siku mama mkwe atakapomvika komamanga shingoni na kumwambia, sema sasa. Nyumba nyingine zilingoja wiki mbili, nyingine mwezi. Sasa sikilizeni balaa la nyumba ya mama mmoja, Yeghsa.

Yeghsa alimwoza mwanawe wa kiume msichana aitwaye Zmrukht, binti mcheshi, ambaye kwao walimzoea kwa maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Akanyamaza kama desturi ilivyotaka. Yeghsa akamwagiza sonara Galust komamanga, na akamwambia hataki kuona palipoungwa, kwa sababu watu walisema mshono ukionekana, nyumba itagawanyika. Galust akalileta. Yeghsa akapitisha ukucha taratibu, akasema, "Hapa pana mshono." Galust akanuna, akarudi kuliyeyusha.

Jamani! Vipande viwili vikiungwa, vimeungwa! Mshono utauficha wapi? Lakini yule mama alijitia ana jicho kali kuliko watu wote, na yule sonara alikuwa na kichwa kigumu, hakutaka kushindwa. Akalileta la pili, likarudi. La tatu, likarudi. Miaka mitatu ikapita, watu wazima wawili wakibishana juu ya mstari mwembamba kuliko unywele, na wala hakuna aliyekumbuka kwamba kuna binadamu anangoja kusema. Nikiisimulia habari hii sijui nicheke au nilie.

Ndani ya miaka hiyo Zmrukht akajifungua mtoto wa kike, Taguhi. Wakwe wakiwapo, na walikuwapo daima, alimwita kwa kupiga makofi. Mtoto akatimiza miaka miwili hajawahi kusikia mama yake akilitaja jina lake kwa sauti. Hilo ndilo lililomuuma Zmrukht kuliko yote. Chumbani alimwambia mumewe kwamba anaogopa, koo limeanza kuisahau sauti. Mumewe akamwambia avumilie kidogo, komamanga liko karibu. Loo, waume wengine!

Ikafika siku ya kuoka mkate. Kwetu tanuri ni shimo refu lililochimbwa sakafuni, na moto huwa chini kabisa. Zmrukht alikuwa mezani anasukuma unga. Galust akaingia na komamanga la nne, akaliweka pale mezani, na ubishi ukaanza upya. Yeghsa anasema auona mshono, Galust anaapa haupo, baba mkwe anadai apishwe kwenye mwanga. Wote wamelipa tanuri kisogo.

Zmrukht akainua macho akamwona Taguhi upande wa pili wa chumba, anatembea kulifuata shimo. Akapiga makofi. Kelele za wale wazee zikayameza. Akafungua mdomo kumwita, sauti haikutoka. Miaka mitatu, enyi watu! Hatua nne zilikuwa zimebaki. Akalikwapua komamanga, akalipiga chini kwenye jiwe kwa nguvu zake zote.

Likapasuka ubavuni. Shanga nyekundu zikatawanyika, zikabingirika hadi miguuni pa mtoto. Taguhi akasimama ukingoni mwa tanuri, akachuchumaa aziokote, na mama yake akaruka akamnyakua.

"Umelivunja!" Yeghsa akapiga kelele.

Hapo sauti ikaja, imekwaruza, lakini imekuja. "Ndiyo mama, nimelivunja. Mshono wenu ule pale chini, utazameni mpaka mchoke. Mwanangu alikuwa anaungua nyuma ya migongo yenu."

Yeghsa akalitazama shimo, akamtazama mtoto, akaketi sakafuni palepale kwenye unga. Galust, mtu wa ajabu yule, akainama kuliokota, akasema apewe siku kumi atalirekebisha. Yeghsa akamwambia, "Ukiligusa, nitakutumbukiza wewe mle." Akalichukua mwenyewe, likiwa na ufa wake na shanga chache zilizonasa ndani, akamvika Zmrukht. Akamwomba msamaha mbele ya wote.

Basi kuanzia siku ile sonara wa hapa hafui komamanga bila kulipasua, na bi harusi hangojeshwi hata siku moja. Mama mkwe humvika mlangoni, kabla hajavuka kizingiti, kisha husimama kimya mpaka msichana aseme neno, lolote lile. Mimi nilipofikishwa mlango huu nilikuwa na aibu, nikakosa la maana. Nikamwambia viatu vinanibana. Mama mkwe wangu akapiga magoti, mbele ya kijiji kizima, akanivua viatu.