Mtungi wa Kwanza Baada ya Matanga

Hapo zamani, na zamani haina shahidi wa kuikanusha, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare aliishi mfinyanzi aliyeitwa Nakunda. Mitungi yake ilikuwa myepesi kichwani, na maji yake yalikaa baridi hata kiangazi. Lakini Nakunda hakuwa kama wenzake. Kelele za gulio zilimchoma masikioni kama miiba. Ukimwambia "nakuja sasa hivi," alisimama mlangoni kukungoja mpaka ufike. Na mgeni akizuka bila habari, alijiziba masikio akajitikisa mbele na nyuma mpaka moyo utulie.

Watu walisema, "Yule ana kichwa chake."

Mama yake aliwajibu, "Kwani vyenu mmeazima?"

Kisha mama huyo akafa.

Nyumba ikajaa waombolezaji. Walilia kwa sauti, wakamkumbatia bila kumuuliza, hawa wakiondoka wanaingia wale. Nakunda akanyamaza. Akaacha kula. Udongo wake ukakauka uani, ukapasuka. Akawa mtu wa kulala akiutazama ukuta, na kila alipotaka kuinuka aliona mwili si wake.

Kaka yake, Mbonea, akasema, "Kelele hizi zitamuua." Ulikuwa msimu wa kupanda, lakini aliacha jembe, akamjengea dada yake kibanda ng'ambo ya mfereji, chenye kuta nene na mlango unaotazama migomba. Mwaka ule Mbonea hakuvuna kitu, alikula kwa majirani. Nakunda akahamia kibandani. Masikio yakapona. Moyo haukupona.

Rafiki yake, Namsifu, akaanza kwenda huko kila siku, jua linapogusa kizingiti, na kibuyu cha uji na ungo wa maharage. Hakusema "pole," hakusema "jikaze." Aliketi akachambua maharage, akaondoka. Siku nyingine Nakunda alikunywa funda moja, siku nyingine hakunywa. Namsifu alikuja. Dada yake Namsifu aliolewa, ngoma ikalia kijijini, na Namsifu alikuja. Hatimaye Nakunda akala. Lakini udongo hakuugusa.

Ndipo akafika milimani mganga aitwaye Bibi Naetwe. Yeye alikuwa na mjukuu wa namna ya Nakunda, na kwa ajili yake alizunguka vijiji akiuliza jambo moja: watu wenye akili za namna hii, kwa nini dhiki huwavunja wengine, na wengine ikawapinda tu, wakainuka tena? Kijijini aliwauliza wengi, na kila mmoja alimweleza Nakunda ana kasoro gani. Basi akatuma habari kwa Nakunda mwenyewe kwamba atakuja kesho asubuhi, peke yake. Na kesho asubuhi akaja, peke yake.

"Mwanangu, unahitaji nini?" akauliza. Akangoja. Akangoja mpaka kivuli cha migomba kikasogea.

Nakunda akasema, "Mama alikuwa ananiambia kesho kuna nini. Sasa kila kesho inanirukia."

Bibi Naetwe akawaendea majirani. "Msimzukie. Kila jioni, mmoja wenu amwambie kesho ina nini." Wakafanya hivyo, na wengine wakagundua kwamba hata wao walilala vizuri zaidi.

Asubuhi moja, hakuna mtu karibu, Nakunda aliketi kitandani. Mwili ulikataa kama punda mlimani. Akaushusha mguu mmoja, kisha wa pili. Akaenda kuchimba udongo. Mtungi ukabomoka mikononi mwake. Akaukanda upya. Ukabomoka tena. Akalia, akaukanda upya. Ukasimama.

Sasa, desturi ya kijiji kile ilikuwa hii: mtungi wa kwanza baada ya matanga hupewa aliyekutoa msibani. Ukiona umejitoa mwenyewe, unakaa nao. Watu wakakusanyika, wakazungumza kwa sauti ya chini, kama walivyokwisha kujifunza.

Mbonea akasema, "Dada yangu, bila kibanda usingesikia hata swali la Bibi Naetwe. Nililala na njaa kwa ajili ya kibanda hicho."

Namsifu akasema, "Kaka Mbonea, kibanda kile bila mtu ndani kingekuwa kaburi la pili. Nani alikuja? Mfu haulizwi anahitaji nini."

Bibi Naetwe akasema, "Wanangu, nami sitajifanya mnyenyekevu. Mlimtunza bila kumuuliza. Angeweza kukaa kule mpaka mvi, ameshiba na kimya, na bado anarukiwa na kesho."

"Uliuliza siku moja, Bibi," Namsifu akajibu. "Mimi nimechambua maharage mpaka nimeyachukia."

Watu wakacheka. Nakunda naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko chake mwenyewe kikamshangaza.

Kisha akasema, "Asubuhi ile hamkuwapo. Mguu niliushusha mimi. Mtungi ulibomoka, hakuna aliyeniambia nirudie."

Wote watatu wakaitikia kwa vichwa.

"Basi amua, mwanangu," akasema Bibi Naetwe. "Na ujue, yule utakayempa, njia yake ndiyo nitakayowafundisha watu wa vijiji vingine, na nyumbani kwa mjukuu wangu."

"Mtungi ni mmoja," akasema Nakunda. "Nikiukata hautashika maji."

Akaukumbatia mtungi, ungali na joto la moto uliouchoma. Alijisikia vizuri. Akawatazama mmoja mmoja, kaka aliyejenga, rafiki aliyekaa, bibi aliyeuliza, kisha mikono yake mwenyewe. Hakuharakisha, na hakuna aliyemharakisha.

Nami siwaharakishi. Ila msiniambie "wote wanne," maana hata Nakunda aliliona hilo halifai. Je, nani alistahili?