Sinia Moja la Bi Mbeyu

Paukwa!
Pakawa!
Kisu?
Kimenolewa!
Jogoo?
Yu macho!

Basi sogeeni. Zamani sana, katika kijiji kimoja, aliishi ajuza aitwaye Bi Mbeyu. Mila ya kijiji hicho ilikuwa kali: wageni wa nyumba moja hulishwa kutoka sinia moja. Wakiondoka na njaa, mafiga ya mwenye nyumba hung'olewa na kutupwa njiani.

Alasiri moja, hodi, hodi! Wakaingia wasafiri wawili waliokutana njiani. Sumedha alikuwa mtawa wa Buddha, kichwa kimenyolewa, bakuli mkononi. Zakayo alikuwa katekista wa Kikristo, msalaba kifuani.

Bi Mbeyu akafurahi. Watu wa dini wawili, chungu kimoja! Akamfukuza jogoo. Kwe-kwe-kwe! Akamkamata.

"Mwache, Bibi," Sumedha akasema. "Sili mnyama aliyechinjwa kwa ajili yangu. Tena jua likishavuka utosi, sili mpaka kuche."

"Haya. Zakayo, mwanangu, utammaliza peke yako?"

"Bibi, leo Ijumaa ya Kwaresima. Nyama sili. Na nimefunga mpaka jua lizame."

Jogoo akaponyoka. Kwe-kwe-kwe!

Bi Mbeyu akaketi, pu! Akayatazama mafiga yake. Mama yake aliyapikia. Bibi yake pia.

"Huko mtokako hakuna aliyewapangia saa moja ya kula?"

"Mimi nafunga nikimwomba Mungu aliyeniumba anisamehe dhambi," Zakayo akasema.

"Mimi simwombi muumba, Bibi," Sumedha akasema. "Najifunza kutotawaliwa na tamaa."

"Na mkifa?"

"Mimi nitafufuliwa."

"Mimi nitazaliwa tena, na tena, mpaka tamaa izimike."

"Masikini! Uzaliwe tena, ukose tena chakula cha jioni?"

Sumedha akacheka. Zakayo akacheka zaidi. Kutoka uani kwa jirani ikaja sauti ya Bi Sidi: "Mwenzangu, nikuletee jembe la kung'olea mafiga?"

Bi Mbeyu akainuka. Akasonga ugali, akapika kunde, akapakua kwenye sinia. Kisha kwa mwiko akachora mstari katikati, chwaa!

Jua lilipozama, Zakayo akafanya ishara ya msalaba, akala mpaka kwenye mstari. Nusu iliyobaki ikafunikwa kawa.

Kulipokucha, nani wa kwanza kulifikia sinia? Jogoo! Kawa likaenda kule, pa!

"Mwanaharamu! Nimekunyima kisu, nawe wataka kunitupia mafiga?"

Bi Mbeyu akamfukuza, akamega ugali, akautia pamoja na kunde kwa mkono wake katika bakuli la Sumedha, kwani mtawa hula alichopewa tu. Sumedha akala taratibu, akamaliza.

Mara Mzee Ngoka, msimamizi wa mila, akafika. Nyuma yake Bi Sidi, na jembe.

"Hawakula pamoja!" Bi Sidi akapiga kelele.

"Mila imesema sinia moja," Bi Mbeyu akajibu. "Nani aliyesema saa moja?"

Mzee Ngoka akalitazama sinia. Jeupe, halina hata tonge. Akajikuna kidevu. "Sidi, rudisha jembe."

Bi Sidi akanuna. "Kumbe dini zao ni moja tu."

"Nani kakudanganya? Zingekuwa moja, ningepakua mara moja, nikalale!" Bi Mbeyu akasema.

Ndiyo maana sisi wajukuu twafundishwa: mgeni hakirimiwi kwa kumgeuza awe kama wewe; muulize alivyo, kisha mpakulie.

Mafiga yapo, jogoo yupo, nami mwiko nimeuweka chini.