Kumsikilizia Mama

Akina mama, akina baba, kabla sijafungua maandiko leo, nina swali la binti mmoja wa hapa hekaluni. Aliniuliza, kwa adabu kabisa: "Kisanskriti, lugha hii ya maandiko, sikielewi. Nikikaa kusikiliza, napata nini?" Swali zuri. Na mimi nimelifikiri siku nyingi. Nitamjibu kwa mfano.

Palikuwa na mjane mmoja Tanga, Mama Jasoda, mwenye wana wawili. Mkubwa aliitwa Girdhar, mdogo Natwar. Baba yao aliwaachia duka la vitamu, jalebi na ladu, na wakaliendesha pamoja mpaka Natwar alipotaka wafungue la pili Korogwe. Girdhar akaona mdogo wake anataka kuigawa nyumba. Maneno yakawa makali, Natwar akabeba sanduku lake akaenda zake. Tangu hapo, wakikutana arusini, kila mmoja aliwaamkia watu wote isipokuwa nduguye.

Kisha mama akapigwa na kiharusi. Akalala kimya, amefumba macho, na daktari akasema huenda hasikii tena. Lakini alikuwa ameusia zamani: nikizidiwa, nisomewe maandiko. Basi Natwar akaja kutoka Korogwe, na kuhani akaanza kuja nyumbani kila alasiri.

Siku ya kwanza Girdhar alimsimamisha kuhani mlangoni. Akamwambia, "Mama hajitambui. Unakuja kumsomea nani?"

Kuhani akajibu, "Masikio yake yamechoka. Ninyi ni wanawe, msikilizieni."

Jambo la ajabu, sivyo? Mtu huweza kumbebea mwenzake mzigo, huweza kumpikia. Je, huweza kumsikilizia?

Girdhar hakuamini, ila alikaa, kwa kuwa ni mama. Kuhani aliwapa sharti moja tu: anayesikiliza asitayarishe jibu. Mwanzoni Girdhar alishindwa. Mstari ulisomwa, na yeye mawazo yako kwenye sukari iliyopanda bei. Kisha akaanza kujiuliza, kama mtu anayeonja chakula kwa ajili ya mgonjwa: hapa mama angesikia nini? Angetabasamu wapi? Angelia wapi? Akawa anayafuata maneno hata asiyoyaelewa, kwa sauti tu, na kelele za kichwani zikapungua.

Alasiri moja kuhani alisoma mahali panaposema kwamba Bwana amekaa moyoni mwa kila kiumbe, akaeleza maana yake kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao. Girdhar akajiuliza kama kawaida yake: mama angefanya nini hapa? Akajua. Mama angeinua macho awatafute wanawe wote wawili. Naye akainua macho. Natwar alikuwa upande wa pili wa kitanda, analowesha midomo ya mama kwa pamba. Amekonda. Ameanza kuota mvi. Girdhar hakuwa ameziona.

Kuhani alipoondoka, Girdhar akamfuata mdogo wake barazani.

"Siku ile ulipokuwa unaondoka," akasema, "ulifungua mdomo useme neno, nikakukatiza. Ulikuwa unasema nini?"

Natwar akamgeukia.

"Nilikuwa nasema, Kaka, niambie nisiende."

Miaka yote ile! Girdhar alikuwa ameyatayarisha majibu ya kila tusi alilodhani nduguye alitaka kumtukana, na neno lenyewe halikuwa tusi. Akakaa chini sakafuni. Aliweza kusema neno moja tu: "Usiende."

Najua mnangoja niwaambie kwamba ndani mle mama alifumbua macho. Hakufumbua. Alifariki kabla kisomo hakijaisha, na wanawe wakaomba kiendelee hadi mwisho, wamekaa mkeka mmoja. Je, mama alisikia? Sijui. Ninachojua ni kwamba alisikiliziwa.

Sasa, binti yangu uliyeuliza, na sisi sote. Kwa nini wazee wetu wa dini walipotaja njia za ibada walianza na kusikiliza, kabla ya kuimba, kabla hata ya kusujudu? Nadhani ni kwa sababu sisi husikia tukiwa tumeshika jibu mkononi kama jiwe. Maandiko matakatifu hayabishani nasi. Yanasomwa, na sisi tunanyamaza, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka mkono ufunguke, jiwe lianguke. Utakayoyaelewa, ushukuru. Usiyoyaelewa nayo yana kazi: yanakufundisha kukaa mbele ya neno usilolimiliki. Na sikio lililojifunza kumnyamazia Mungu haliwezi tena kumkatiza ndugu.

Kwa hiyo msijiulize leo mmeelewa mistari mingapi. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemkatiza. Ukitoka hapa mwendee, umuulize alikuwa anasema nini, kisha unyamaze.

Haya, kaeni vizuri. Nafungua maandiko.