Mkunga Aliyetolewa Sunbula

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji uitwao Sunbula, ambao watu wake walijigamba kuwa hawajapokea lolote kutoka kwa wageni. Imamu wao, Sheikh Abdulbari, alikuwa mcha Mungu wa kweli, ila katika jambo hili kichwa chake kilikuwa kigumu kama vya wenzake. Ndiye aliyeamuru Almaz, mkunga wa Kihabeshi, atolewe mjini asije akawaharibia mila.

Haukupita muda mrefu, mkewe Safura akashikwa na uchungu. Jua lilipanda, likaanza kushuka, na mtoto hakuzaliwa. Sheikh alisimama mlangoni akivuta tasbihi, nayo ikimponyoka kila mara. Sauti ya mkewe ilikuwa inafifia, naye aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Bi Hajira, mkunga wa mji, akatoka akitweta.

"Sheikh, ya kwetu yote nimeyamaliza. Imebaki njia moja, nayo alinifundisha yule Mhabeshi kabla hujamfukuza. Nipe ruhusa."

"Fanya, bibi, fanya! Ila watu wakiuliza, sema ni mila ya bibi zetu."

Bi Hajira akatikisa kichwa. "Naingia kumwomba Mola uhai wa watu wawili. Siwezi kutanguliza uongo."

Ndani, Safura akanyamaza. Ukimya ule ukamvunja sheikh.

"Nenda! Nitawaambia mwenyewe, wallahi."

Bi Hajira akampigisha Safura magoti, akamzungushia shuka kiunoni, akamtikisa taratibu huku akisoma dua. Kabla ya adhana ya Magharibi, kilio cha mtoto kikasikika.

Siku ya Ijumaa watu walimpokea sheikh kwa furaha. "Mashaallah! Ukunga wa Sunbula hauna mfano!" Akapanda mimbari. Angenyamaza, hakuna ambaye angeuliza. Akisema, huenda asipande tena pale.

"Waumini," akasema, "binti yangu yu hai kwa elimu ya yule niliyemtoa mjini. Kilikuwa kiburi changu, nami nikakiita dini. Nimempa mtoto jina la Almaz, nisije nikasahau."

Sheikh akainamisha kichwa, akingoja kuteremshwa.

Kisha mtu mmoja wa safu ya nyuma akasimama, uso umemsawijika. "Sheikh, yule mkunga alishika njia ipi alipotoka mjini? Mke wangu naye mwezi wake umefika."

Ndugu zangu, tujiulize ni nani tuliyemfungia lango, na Allah atujaalie ulimi wa kukiri mapema. Amin.