Kitenge cha Tumpe

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kisa hiki kimeshawagombanisha hata wachungaji.

Katika shule moja ya kanisa huko Rungwe, ambako mvua haijui likizo, walikuwapo walimu watatu. Ambakisye wa nidhamu alijaliwa miguu isiyochoka. Gwamaka wa dini alijaliwa ulimi usiosema uongo. Madam Subilaga wa hesabu alijaliwa subira, na kwa darasa la watoto themanini aliihitaji yote.

Alikuwapo pia Tumpe, msichana wa kidato cha tatu. Baba yake aliugua, shule nzima ikamwombea siku arobaini, akafa. Tumpe akaacha kwenda ibada ya asubuhi. Sheria ya shule ilisema ukikosa ibada mara tatu, unafungasha. Aliyesaini barua ya kumfukuza ni Ambakisye mwenyewe.

Lakini barua ile ilimkaa kooni. Jumamosi alipanda mlima kwa miguu, saa nne nzima, akamkuta Tumpe akichuma chai na mama yake. "Nilitazama sheria, sikukutazama wewe," alisema. "Nisamehe, mwanangu." Kisha akasimama mbele ya bodi, akamdhamini kwa kazi yake. Tumpe akarudi.

Alirudi mwili, moyo aliuacha nyumbani. Siku moja kipindi cha dini aliuliza, "Mwalimu, tuliomba sote. Mbona Mungu hakusikia?" Gwamaka alikuwa na jibu tayari kwenye daftari. Akalifunga. "Sijui, Tumpe. Mimi nilimzika mwanangu, na bado namuuliza." Wazazi walilalamika: mwalimu wa dini gani huyu asiyejua? Akapewa barua ya onyo. Kesho yake Tumpe aliingia ibadani, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akalia mpaka akatulia.

Hesabu nazo zilikuwa zimemwacha mbali. Madam Subilaga akampa saa yake ya chakula cha mchana, kila siku, mwaka mzima.

"Madam, ugali wako unapoa."

"Nitaupasha. Wewe fanya la saba."

Hakuupasha hata siku moja.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka, Tumpe akafaulu vizuri mno. Wahitimu wakaitwa kwenye ibada ya shukrani. Desturi ya pale, kila mhitimu humvika kitenge mwalimu mmoja tu, mbele ya madhabahu. Kukikata ni mwiko, na kuleta viwili ni kujionyesha. Mama yake akafungua sanduku, akatoa kitenge cha mwisho alichonunuliwa na marehemu, hakijafuliwa hata mara moja.

"Mvike aliyekutoa shimoni," alisema.

"Mama, hapo ndipo pagumu."

Tumpe akasimama mbele ya kanisa, kitenge mikononi. Ambakisye alitazama viatu vyake, kwani aliyemwokoa ndiye aliyemfukuza. Gwamaka akanong'ona, "Mpe Madam." Madam akatikisa kichwa, akamwonyesha Ambakisye kwa kidevu.

Asingefuatwa, asingeuliza. Asingejibiwa kwa ukweli, asingetulia darasani. Asingefundishwa, asingefaulu. Na kitenge ni kimoja.

Haya, sasa semeni. Kwaya inamaliza ubeti wa mwisho, na mama yuko pale anatazama. Ungekuwa Tumpe, wewe ungekiweka mabegani mwa nani?